Shule tatu za JSS Malindi, na babake anataka ile yenye jina

Mama Swaleh, waalaikum salaam. Swali lako nimelisoma mara mbili, nalirudia hapa kwa ufupi ili na wengine walio njia panda kama wewe wafuate. Swaleh yuko Gredi 6, Januari anaingia Gredi 7. Mna shule tatu za serikali zinazofikika hapo Malindi. Ya kwanza ni ile kubwa ya mjini yenye jina, mikondo minne kila gredi, walimu wa JSS (sekondari ya chini, Gredi 7 mpaka 9) umeambiwa ni 11, kwenda ni boda ama tuktuk. Ya pili ni hapo hapo anaposoma sasa, mkondo mmoja, walimu wanne, anatembea dakika kumi tu amefika. Ya tatu iko upande wa barabara kuu, imepakana na sekondari, mikondo miwili, walimu tisa na mmoja wa BOM, yaani aliyeajiriwa na bodi ya shule. Babake anataka ya kwanza kwa sababu alisoma hapo na enzi hizo ilikuwa inaongoza, wewe roho inakuvuta ya pili kwa ukaribu, na ya tatu umetajiwa na jirani. Nyuma ya Swaleh kuna dadake yuko Gredi 3. Na umesema mtoto mwenyewe anapenda kufungua redio mbovu na kuunga nyaya, hilo umelitaja mwisho kabisa kama utani lakini mimi ndilo nimelishika.

Ntaanza na la babake, manake hilo ndilo linawapoteza wazazi wengi. Jina la ile shule ya mjini lilijengwa na KCPE, ule mtihani wa kumaliza darasa la nane. Mtihani wenyewe umekufa, wa mwisho ulifanywa 2023, na waliolijenga hilo jina ni walimu wa darasa la saba na la nane, walimu wa msingi, ambao wengine wamestaafu na wengine sasa hivi wanafundisha Gredi 4 na 5. JSS ilipoanza Januari 2023 serikali iliiweka ndani ya shule za msingi lakini walimu wake TSC, ile tume ya kuajiri walimu, ikaleta wengine, wengi wao vijana waliosomea ualimu wa sekondari. Kwa hivo geti ni lile lile, mwembe wa uwanjani bado upo, lakini shule anayoingia Swaleh ni shule nyingine kabisa, changa, na hata hedimasta mara nyingi ni mtu wa msingi aliyekabidhiwa kitu ambacho hakukisomea. Simwambii babake kwamba kumbukumbu zake ni za uongo, la hasha, ni za kweli, ila ni za nyumba ambayo wenyewe wameshahama.

Sasa kama si jina tupime na nini? Mimi nilikuwa mwalimu, halafu afisa wa mtaala wa zoni, miaka yote hiyo nikiingia shule nilikuwa na swali moja kabla ya mengine: Jumanne saa nne asubuhi, kipindi cha sayansi, kuna mtu amesimama mbele ya watoto? Na huyo mtu, sayansi aliisomea? Mengine yote, rangi ya ukuta, basi la shule, ngao za michezo kwenye kabati la ofisini, yanakuja baadaye.

Na hilo swali la kwanza unaweza kulijibu ukiwa nyumbani kwako na kalamu. Gredi 7 mpaka 9 kila mkondo una vipindi 40 kwa wiki, vinane kwa siku, dakika 40 kila kimoja. Hiyo haibadiliki uwe mjini uwe kijijini. Haya, tuchukue ile ya mjini. Mikondo minne mara gredi tatu ni mikondo 12, mara 40 ni vipindi 480 kila wiki vinavyotaka mwalimu. Walimu ni 11. Na mwalimu naye wiki yake ina nafasi 40 tu, hata asinywe chai, asisahihishe kitabu hata kimoja, asiende chooni. 11 mara 40 ni 440. Yaani hata wakifundisha wote bila kupumua kuna vipindi 40 vimebaki hewani, ni sawa na mkondo mmoja mzima ukae wiki nzima bila mwalimu. Na hakuna mwalimu anayebeba 40, kwa hivo pengo lenyewe ni kubwa zaidi ya hapo. Linazibwa vipi? Kwa njia tatu ninazozijua. Mikondo miwili inaunganishwa chumba kimoja, watoto tisini ama mia wanabanana na hilo joto la Malindi. Ama mwalimu wa msingi anaazimwa, anaacha darasa lake. Ama monita anapewa kitabu aandike notsi ubaoni na wenzake wanakopi, na hii ya tatu ndiyo ya kawaida zaidi ingawa hakuna hedimasta atakwambia.

Ile ya karibu na nyumbani: mikondo mitatu, vipindi 120, walimu wanne, kila mmoja 30. Nzito lakini inabebeka. Ya barabarani: mikondo sita, vipindi 240, ukimhesabu na yule wa BOM wako kumi, kila mmoja 24, akiondoka huyo wa BOM wanabaki na 27 hivi. Hiyo ndiyo hesabu nzuri kati ya zote tatu, tena kwa mbali.

Kwanini nang'ang'ana na vipindi? Kwa sababu nimeona mwalimu anavyochoka, na huwa hachoki kwa ghafla. Akipita vipindi 30 kitu cha kwanza kufa ni kusahihisha, daftari zinakaa wiki mbili kwenye meza. Halafu yanakufa majaribio ya sayansi, manake kuandaa jaribio kunataka saa nzima kabla ya kipindi na hiyo saa hana. Halafu miradi inakuwa ya kuchora kwenye manila badala ya kutengeneza kitu. Kufundisha kwenyewe ndiko kunakufa mwisho, kwa hivo mzazi ukipita dirishani utaona mwalimu yuko darasani anaongea na utaridhika, kumbe vitu vitatu vishakufa zamani.

Lakini usikimbilie ya tatu bado, hesabu hiyo ni nusu tu ya maneno. Mwalimu aliyesomea sekondari kwa kawaida ana masomo mawili aliyoyasomea. JSS ina masomo tisa tangu yapunguzwe 2024: Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, dini, Masomo ya Jamii, Sayansi Jumuishi, Kilimo na Lishe, sanaa na michezo, na lile la ufundi ambalo watoto wanaliita pritek. Sasa shule ya walimu wanne, hata ukibahatika kila mmoja awe na masomo mawili tofauti na mwenzake, ni masomo manane. Na hutabahatika hivo. Niliwahi kuzuru shule moja, si ya Malindi, ilikuwa na walimu watatu wa JSS na wote watatu walikuwa watu wa lugha, dini na historia. Watu wazuri sana, wanajituma, Kiingereza cha wale watoto kilikuwa tamu kusikiza. Lakini sayansi walikuwa wanasomewa kitabu kama hadithi. Nikamwuliza kijana wa Gredi 8 umeme ni nini akanipa sentensi nzima safi kutoka ukurasa wa kitabu, nikampa betri, waya na balbu nikamwambia iwashe, akaniangalia tu. Si kosa la mtoto na wala si kosa la mwalimu, ndivyo TSC ilivyogawa.

Na hapo ndipo linaingia la redio mbovu. Hisabati ina vipindi vitano kwa wiki, sayansi vitano, pritek vinne. Jumla 14 kati ya 40, zaidi ya theluthi ya wiki ya Swaleh. Mtoto wa aina hiyo ndiye anayekwenda kutafuta njia ya STEM, yaani ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, akifika Gredi 10 (njia ni tatu, nyengine ni za sayansi ya jamii na ile ya sanaa na michezo), na kama hivi vipindi 14 vinabebwa na mtu ambaye mwenyewe aliikimbia hesabu kidato cha pili, miaka mitatu ni mingi sana kwa mtoto kupoteza hamu. Kwa hivo kwa mtoto wako wewe, sisemi mtoto wa kila mtu, swali la kupeleka ofisini ni hili na uliulize kwa adabu: mwalimu wa Hisabati wa Gredi 7 ni nani na alisomea nini, wa sayansi je, wa pritek je? Usiulize "mnafanya vizuri?" Kila shule inafanya vizuri. Uliza masomo ya walimu, jibu lake haliwezi kupambwa. Hedimasta akikutajia majina na masomo bila kufungua faili, hiyo peke yake ni dalili njema, ina maana anaijua nyumba yake. Akianza "walimu wetu wote wamehitimu mama, usijali", basi wewe jali.

Halafu uliza wangapi wameajiriwa kabisa na wangapi ni wa intanshipu. Sio kwamba wa intanshipu ni wabaya, wengine ndio moto wenyewe, wako na nguvu na darasa linawapenda. Ila mkataba wao ni wa muda, akipata nafasi kaunti nyengine anaenda, na shule ya walimu wanne akiondoka mmoja robo ya shule imeondoka. Katika ya tisa hata wakiondoka wawili kuna wa kushika. Na yule wa BOM analipwa na michango ya wazazi, kwa hivo uliza wazi ni kiasi gani kwa muhula na kimekubaliwa kwenye mkutano gani, maana hapo mara nyingi ndipo fujo zinaanzia.

Sasa nikupe kitu ambacho maafisa tunakifanya na wazazi hawakijui. Usiende shule kwanza. Tafuta mtoto wa Gredi 8 kwenye mtaa anayesoma kila moja ya hizo shule, hata kwa ile ya tatu jirani yako atakuwa anamjua mmoja, muombe mamake akuazime daftari la sayansi, la hesabu na la pritek kwa jioni moja. Wewe huhitaji kuelewa kilichoandikwa. Angalia tarehe. Muhula wa pili una wiki kama 14, sayansi vipindi vitano kwa wiki, ni kama vipindi 70. Hutaziona tarehe 70, kuna vipindi viwili vya pamoja, kuna siku za majadiliano, kuna michezo ya zoni, hiyo tunajua. Ukizikuta arubaini na kitu, hapo kuna mwalimu. Ukikuta kumi na tano, na katikati pana wiki tatu nzima za ukimya halafu siku moja imeandikwa kurasa sita za notsi kwa mwandiko wa haraka haraka, wewe mwenyewe ushajua kilichotokea, ni monita na ubao. Kisha angalia kalamu nyekundu. Tiki kubwa moja chini ya ukurasa bila neno ni mwalimu aliyesaini tu. Ukiona kosa limezungushiwa na mtoto akalirudia chini kwa usahihi, hapo shikilia.

Daftari la pritek ndilo linasema ukweli zaidi kuliko yote kwa sababu hakuna anayejitayarisha kulionyesha. Likiwa na michoro ya vipimo iliyopigwa kwa rula na kuna kitu mtoto anaweza kukwambia "hiki tulikitengeneza", hata kama ni kibao cha kuwekea kalamu, hiyo shule inafundisha.

Sasa mambo ya alama, manake najua babake atauliza. Kundi la kwanza lilikaa KJSEA, ule mtihani wa mwisho wa Gredi 9, mwishoni mwa 2025, zaidi ya watoto milioni 1.1 nchi nzima, matokeo yakaja Desemba. Hakuna orodha ya shule bora, na wala hakuna mean score ile ya zamani ya kutangaza redioni, kila mtoto anapata kiwango chake kwa kila somo kuanzia EE1 juu mpaka BE2 chini (EE ni aliyevuka matarajio, ME ni aliyeyafikia). Kwa hivo mtu akikwambia shule fulani iliongoza, muulize iliongoza kwa nini na nani aliiorodhesha. Unaweza kuomba shule ikwambie kwenye sayansi watoto wangapi walipata EE na ME kati ya wangapi waliokaa, hilo ni swali halali, lakini kundi moja ni kundi moja, na wale walianza Gredi 7 ile 2023 wakati hata walimu hawajafika vizuri. Mimi nisingeamua shule kwa hayo matokeo peke yake.

Kinachonihusu zaidi ni hii asilimia. Alama za kwenda Gredi 10 hazitoki kwa KJSEA yote, KJSEA yenyewe ni asilimia 60, KPSEA ya Gredi 6 anayofanya Swaleh mwaka huu ni 20, na 20 zilizobaki ni za tathmini za shuleni Gredi 7 na 8. Hizo za shuleni mwalimu ndiye anazifanyisha, anazisahihisha na shule inaziingiza kwenye mfumo wa KNEC, lile baraza la mitihani. Sasa shule yenye pengo la vipindi unadhani hizo tathmini zinafanywaje? Zinapikwa. Mtoto anapewa ME kila kitu kwa sababu ME haina mtu wa kuja kuuliza. Na aliyestahili EE ndiye anayeumia, mzembe yeye ameokolewa. Ukifika shule omba kuonyeshwa, sio kusimuliwa, faili la kazi za mtoto mmoja wa Gredi 8, hata wafunike jina. Likiwepo na karatasi ndani, vizuri. Likiwa "liko kwa mwalimu fulani na leo hayuko", rudi siku nyengine, na mara ya pili akikosekana tena usirudi.

Maabara. Ile ya barabarani kupakana na sekondari inaonekana faida kubwa, na inaweza kuwa, lakini ukuta wa pamoja sio makubaliano. Nimeona shule zinapakana na ufunguo wa maabara watoto wa JSS hawajawahi kuuona kwa sababu wakuu wawili hawaelewani. Usimuulize hedimasta, muulize mtoto yeyote pale nje wakati wa mapumziko: muhula huu mmeingia maabara mara ngapi? Watoto hawajui kudanganya kwa takwimu. Na hata wakisema hatujaingia, uliza kama mwalimu huleta vifaa darasani, maana mwalimu mzuri na sanduku moja la vifaa anaishinda maabara iliyofungwa.

Kuna jambo jengine watu hawaliulizi, uhusiano wa hedimasta na walimu wa JSS. Kelele hizi umezisikia, wale walimu wanataka JSS ijitegemee na wasiwe chini ya mkuu wa msingi. Mimi hapo sina upande, lakini kwa mzazi matokeo yake ni ya kila siku: pale wanapovutana, pesa ya JSS inapofika (serikali imeweka Sh15,042 kwa kila mtoto kwa mwaka, inakuja kwa vipande na mara nyingi imechelewa) haijulikani nani anaamua inunue nini, kemikali zinakosekana na wakati huo huo ofisi inapakwa rangi. Utajuaje? Kaa kwenye benchi nje ya ofisi nusu saa. Angalia walimu vijana wanavyoingia na kutoka, wanavyosalimiana na mkubwa. Ni kama kwenda kuposa, nyumba unaijua ukiwa bado uko barazani.

La dini nisilisahau, kwa hapo Pwani ni muhimu na kwenye hizi shule za JSS limekuwa la bahati. Dini ni vipindi vinne kwa wiki. Uliza kama kuna mwalimu wa IRE (dini ya Kiislamu) wa JSS, sio wa msingi anayekuja akipata nafasi. Kama hakuna, Swaleh na wenzake watakaa chini ya mti hivyo vipindi vinne ama watakalishwa kwenye CRE (dini ya Kikristo), na KJSEA ikifika atafanya somo ambalo hajafundishwa. Ile ya mjini kwa ukubwa wake nadhani watakuwa naye, hapo nawapa alama. Hizo mbili nyengine hakikisha. Na uliza Ijumaa wanatoka saa ngapi kwenda msikitini na wanarudi darasani kweli ama siku imeishia hapo, na wanatoka saa ngapi siku za kawaida kama madrasa yake ni ya jioni.

Vyoo, kwa sababu ya dadake zaidi. Yeye akifika Gredi 7 atakuwa msichana mkubwa, na shule utakayomchagulia kakake leo ndiyo atakayoifuata. Ingia mwenyewe. Kuna maji? Mlango unafungika kwa ndani? Yatosha.

Usafiri sasa. Sijui unalipa ngapi lakini ukiweka hata bob mia kwenda na kurudi, mihula mitatu ni wiki kama 36, hizo ni shilingi 18,000 kwa mwaka ukisahau zile siku chache za likizo ya katikati. Angalia hiyo tena: ni zaidi ya ile 15,042 serikali inayompa mtoto. Yaani utamlipa mtu wa boda kuliko shule inavyopata kumfundisha. Pesa hiyo hiyo ukiamua kumbakisha karibu inaweza kulipa mwalimu wa hesabu wa wikendi, ikanunua soldering na mita ndogo ya kupimia umeme, na chenji ikabaki. Na hilo la boda za watoto wanne wamebebana asubuhi sihitaji kukwambia. Kiingilio shule ya serikali hawaruhusiwi kukutoza, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza, kwa hivo mtu akikutajia "pesa ya nafasi" ile ya mjini, na huwa wanataja kwa sababu kila mtu anaililia, omba risiti uone sura itakavyobadilika.

Haya, ungekuwa dadangu ningekwambia hivi. Ile ya mjini mimi naiondoa, sio kwa ubaya wa walimu, hapana, ni hesabu tu, walimu 11 hawawezi mikondo 12. Mambo yakibadilika na TSC ikawapelekea sita saba wengine ntakula maneno yangu. Kwa hivo ni kati ya ya pili na ya tatu, na hapo mimi nina mguu upande wa tatu lakini siuweki chini mpaka ujibiwe vitu viwili, mwalimu wa Hisabati na sayansi amesomea hayo, na kuna wa IRE. Vyote viwili vikiwa ndio, mpeleke, hata kama anatembea dakika arubaini na wenzake. Kimoja kikiwa hapana, basi nenda ya pili uulize maswali yale yale, na kama kati ya wale wanne kuna mmoja wa hesabu na fizikia ama kemia, mwache mtoto alipo. Mkondo mmoja una faida yake ambayo watu hawaioni, walimu wanne watakuwa wanamjua Swaleh kwa jina na kwa mamake, hawezi kupotea wiki mbili bila mtu kuuliza, na pia atabaki na dadake njia moja asubuhi, hilo sio dogo. Kama wanne wote ni watu wa lugha na dini, hapo hapana, redio itabaki mbovu.

Kwa babake, usibishane naye kwa maneno. Mchukue siku ya kazi, sio siku ya wazazi, mwende naye hiyo hiyo shule yake mjini, Jumanne saa nne. Msipige simu kwanza, mkifika mpite ofisini kwa heshima mjiandikishe, mseme mnatafuta nafasi ya Gredi 7 na mngependa kuona madarasa. Atembee mwenyewe kwenye ile korido ahesabu milango mingapi haina mwalimu. Ataikumbuka shule yake na ataamua mwenyewe, wanaume tuko hivo.

Mkiamua kumhamisha, mfanye mapema, sio Januari wiki ya kwanza watu wamejaa ofisini. Kubakia alipo hakuhitaji kitu, anavuka tu na wenzake. Kuhama kunahitaji barua ya kuachiliwa na shule ya sasa na nakala ya cheti cha kuzaliwa, na majina kwenye cheti yafanane herufi kwa herufi na yaliyoko shuleni, hapo ndipo wengi wanakwama, Swaleh kule ni Saleh huku ni Swaleh. Halafu hakikisha shule mpya imemvuta kwenye mfumo wa wizara na kwenye ule wa KNEC pia, ni vitu viwili tofauti, na usiondoke na jibu la "tutafanya", rudi baada ya wiki mbili uonyeshwe jina lake kwenye skrini. Mtoto anaweza kukaa darasani mwaka mzima na kwenye mfumo bado ni wa shule ya zamani, pesa yake inaenda huko na tathmini zake za Gredi 7 hazina pa kuingizwa.

Ukishapata masomo ya walimu wa ile ya barabarani niandikie, hata kama ni kwa kifupi tu, nani wa hesabu, nani wa sayansi, na yule wa BOM anafundisha nini. Akiwa yeye ndiye wa hesabu nina neno jengine la kukwambia.